Zanzibar: Muafaka Ulikosa Nia, Maridhiano Yalikosa Meno

Novemba 5, 2009, Rais Amani Abeid Karume wa chama tawala, CCM, alimkaribisha Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa chama cha upinzani cha CUF, Ikulu ya Zanzibar. Hakuwepo msuluhishi kutoka Jumuiya ya Madola, na makatibu wakuu wa vyama hawakukaa na mafaili yao kubishania nukta na mikato. Siku chache baadaye Maalim akapanda jukwaani Kibandamaiti kuwaeleza wafuasi wa CUF kwamba chama chao sasa kinamtambua Karume kuwa rais wa Zanzibar. Umati uliozoea kumshangilia hata kabla hajamaliza sentensi, siku hiyo ulimpigia kelele za kukataa. Watu hao walikuwa wameambiwa tangu 1995 kwamba ushindi wao unaporwa kila baada ya miaka mitano. Leo wanaambiwa yaishe. Na kweli yakaisha, au yalionekana kuisha: Julai 31, 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakaikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa.

Tangu hapo limejengeka somo moja ambalo utalisikia barazani na kwenye makongamano ya amani. Linasema miafaka ya 1999 na 2001 ilishindwa kwa sababu ilikuwa makaratasi ya vyama, na maridhiano ya 2009 yakafaulu kwa sababu yalitoka moyoni. Muafaka ni wa wakubwa, maridhiano ni ya watu. Muafaka unagawa vyeo, maridhiano yanaponya majeraha. Ni somo tamu, na naamini limeigharimu Zanzibar. Ukiyafuata matukio kwa mpangilio wake, utaona muafaka wa 2001 ulikuwa na karibu kila kilichohitajika isipokuwa nia ya kuutekeleza. Maridhiano ya 2009 nia yalikuwa nayo tele, ila ndani yake hamkuwa na mambo mengi ya kutekeleza.

Tuanze na makaratasi, maana ndiyo yanayodharauliwa.

Katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, Oktoba 1995, Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif. Viti vya majimbo katika Baraza la Wawakilishi vikawa 26 kwa 24, huku CUF ikizoa majimbo yote 21 ya Pemba. Kugawanyika katikati namna hiyo hakukuwa kugeni visiwani. Julai 1963 chama cha ASP kilipata asilimia 54 ya kura lakini kikaambulia viti 13 kati ya 31. Vyama vya ZNP na ZPPP ndivyo vilivyounda serikali na kupokea uhuru wa Desemba, na mwezi mmoja baadaye, Januari 12, 1964, yakaja Mapinduzi. Simrudishi msomaji huko ili tuanze tena kubishana nani alimtendea nini nani. Mabishano hayo yana wenyewe na hayajawahi kupungukiwa na wasemaji. Nataka tu ionekane kwamba hii ni nchi ya nusu kwa nusu iliyopewa mfumo wa mshindi kuchukua vyote. Kila upande unaingia kwenye uchaguzi ukijua kwamba kura chache zinaweza kuutoa kwenye umiliki wa nchi na kuufanya mgeni nyumbani kwake. Ukiwa katika hali hiyo, hata muungwana anashawishika kuiba.

CUF ilikataa matokeo ya 1995 na kulisusia Baraza. Ikafuata kesi ya uhaini dhidi ya watu wake 18. Chini kwa wananchi, hasa Pemba, siasa ikaingia mahali ambapo hakuna msuluhishi anayefika. Watu walisusiana maduka, gari za abiria, harusi, na hatimaye maziko. Kwa jamii ambayo kumsindikiza maiti ni wajibu hata kama marehemu alikuwa jirani usiyesalimiana naye, kususia maziko ni kumwambia mtu kwamba humhesabu tena kuwa miongoni mwenu.

Muafaka wa kwanza ulisainiwa Juni 1999 kwa juhudi za Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Madola, Chifu Emeka Anyaoku, na mjumbe wake Moses Anafu. Mengi yaliyoandikwa humo yalibaki humo. Uchaguzi wa Oktoba 2000 ukavurugika, CUF ikakataa marudio katika majimbo 16, na Januari 2001 polisi wakawafyatulia risasi waandamanaji Unguja na Pemba. Waliouawa hawapungui 30. Wengine wapatao 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya, na Tanzania iliyozoea kupokea wakimbizi wa majirani ikajikuta nayo imezalisha wa kwake.

Muafaka wa pili ulizaliwa kutokana na damu hiyo. Uliwekwa saini Oktoba 10, 2001 na Philip Mangula kwa upande wa CCM na Maalim Seif kwa upande wa CUF, safari hii bila mgeni katikati. Ukiusoma leo utashangaa ulivyokuwa umefika mbali. Tume ya Uchaguzi iundwe upya na upinzani uwe na makamishna ndani yake. Liwepo daftari la kudumu la wapiga kura. Mauaji ya Januari yachunguzwe. Mahakama zitazamwe upya, na redio na televisheni ya serikali ziache kuwa za chama kimoja. Kisha ukaanzisha tume ya pamoja ya kusimamia utekelezaji, jambo ambalo mikataba mingi ya aina hii huishia kulitamani tu. Sehemu yake iliingizwa hata katika Katiba ya Zanzibar mwaka 2002.

Sasa tazama ulivyotekelezwa. Mei 2003 zilifanyika chaguzi ndogo Pemba kujaza viti vilivyokuwa wazi kwa sababu ya mgomo wa CUF. Katika majimbo sita ya uwakilishi, wagombea wa CUF walienguliwa. Wapiga kura hawakukaa nyumbani. Walipanga foleni, wakapokea karatasi, wakaingia kwenye kibanda na kuziharibu makusudi, kwa wingi kiasi kwamba kura hizo zikapewa jina: kura za maruhani. Watu wa Pemba hawakuwa wameombwa kuridhiana na yeyote. Waliahidiwa utaratibu, wakaenda kuutumia, na utaratibu ukawageuka mlangoni. Daftari la kudumu nalo lilipokuja, mtu wa kuthibitisha nani mkaazi na nani si mkaazi akawa sheha, kiongozi wa mtaa ambaye huteuliwa na serikali. Uchunguzi wa mauaji ulifanyika na ripoti ikatoka, kesi hazikufuata. Tume ya pamoja ikawa inakutana, ila haikuwa na uwezo wa kumlazimisha mtu.

Kwa hiyo ni kweli muafaka ulishindwa. Lakini hakuna kifungu cha kugawana madaraka kilichoshindwa, kwa sababu hakikuwemo. Kilichoshindwa ni hesabu ya kisiasa. Kila kipengele cha maana kilimtaka mwenye madaraka apunguze kwa hiari yake uwezekano wa kubaki madarakani, naye hakuahidiwa chochote endapo angeshindwa. Uchaguzi wa 2005 ukaisha kama ulioutangulia. Mazungumzo mengine yakaanza Januari 2007, baada ya Rais Jakaya Kikwete kuuita mpasuko wa Zanzibar kuwa jambo linalomsononesha. Safari hii wazo la serikali ya pamoja lilikuwa mezani. Machi 2008, Halmashauri Kuu ya CCM ilipokutana Butiama, ikasema lazima kwanza ipigwe kura ya maoni. CUF ikaona imechezewa shere, na mazungumzo yakafa.

Miezi ishirini baadaye Karume na Maalim wakakutana, na jambo lililoshindikana Butiama likawezekana Ikulu.

Sitaki kuyabeza yale ya 2009 na 2010. Yalikuwa makubwa. Karume alikuwa kwenye muhula wake wa mwisho na alichagua kuutumia kwa jambo ambalo wengi chamani mwake hawakulitaka. Maalim alikubali kuzomewa na watu wake mwenyewe, na kwa mwanasiasa hiyo ni bei. Baraza la Wawakilishi lilipitisha hoja hiyo Januari 2010, wananchi wakaikubali Julai, Katiba ikabadilishwa Agosti. Oktoba 31, Dk. Ali Mohamed Shein akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1 za Maalim Seif. Pengo la asilimia moja tu. Pengo kama hilo mwaka 1995 lilizaa miaka mitano ya kususiana na mahabusu. Mwaka 2010 Maalim alikubali matokeo, watu wakarudi nyumbani, akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais.

Hapa ndipo somo la moyoni linapoanza kuyumba. Kwa nini Maalim alikubali? Waliokuwa karibu naye watasema ni busara, na alikuwa nayo. Lakini busara hiyo alikuwa nayo 1995 na 2000 pia. Kilichobadilika ni kifungu cha Katiba kilichosema chama cha pili kinatoa Makamu wa Kwanza na kupata mawaziri kulingana na viti vyake. Kwa mara ya kwanza tangu visiwa vile vianze kupiga kura, kushindwa hakukuwa sawa na kufukuzwa nyumbani. Kitu tunachokisifu kama maridhiano ya nyoyo kilikuwa, katika sehemu yake iliyofanya kazi, muafaka uliopatikana baada ya kukosekana mara mbili. Mioyo ilipoa kwa sababu kulikuwa na nafasi ya kukaa.

Baada ya nafasi hiyo, hapakuwa na mengine. Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi aliendelea kuteuliwa na Rais, ambaye naye ni mgombea au ni wa chama cha mgombea. Vikosi vya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) vilibaki kama vilivyokuwa. Waliouawa 2001 hawakutajwa kwa majina, familia zao hazikuitwa kuulizwa wanataka nini, wala yale ya 1964 na miaka iliyofuata hayakuguswa hata kwa ncha ya kidole. Ilionekana ni ustaarabu kutoyagusa. Tumeridhiana, ya nini kufukua? Nakiri kwamba kwa wakati ule hoja hiyo ilikuwa na nguvu, na mwandishi aliyeipinga angeonekana mchochezi.

Zaidi ya yote, maridhiano yakawa mali ya watu binafsi. Karume alipoondoka Novemba 2010, upande wa CCM ulibaki na mkataba usio na mwenyewe. Mansour Yusuf Himid, shemeji yake na mmoja wa waliosukuma jambo hili, alivuliwa uanachama Agosti 2013. Mzee Hassan Nassor Moyo, mwenyekiti wa Kamati ya Maridhiano, mtu wa ASP tangu kabla ya Mapinduzi, alifukuzwa CCM Aprili 2015. Chama kinapomfukuza mwenyekiti wa maridhiano miezi sita kabla ya uchaguzi, kinakuwa kimeshatoa taarifa.

Oktoba 28, 2015, siku tatu baada ya watu kupiga kura, mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, alisoma tamko kwenye televisheni kwamba amefuta uchaguzi wote wa Zanzibar. Wakati huo matokeo ya zaidi ya nusu ya majimbo 54 yalikuwa yametangazwa. Maalim naye alikuwa tayari amejitangaza mshindi kwa hesabu za chama chake, jambo ambalo halikuwa kazi yake na ambalo liliwapa wapinzani wake kisingizio walichokihitaji. Makamishna waliotoka upande wa CUF walisema hapakuwa na kikao chochote kilichoamua hivyo. Kura za Rais wa Muungano na wabunge, zilizopigwa na watu hao hao siku hiyo hiyo na mahali hapo hapo, zilibaki halali. Mtu mmoja, karatasi moja, dakika chache, na kifungu kilichopitishwa na asilimia 66.4 ya wananchi kikabaki maandishi.

Baada ya hapo walijaribu kurudia dawa ya 2009. Shein na Seif walikutana Ikulu mara kadhaa, marais wastaafu Mwinyi, Salmin na Karume wakiwa nao mezani. Watu walewale, chumba kilekile, heshima ileile. Halikutoka jambo. Machi 20, 2016 uchaguzi ukarudiwa, CUF ikasusia, Shein akapata asilimia 91.4, na kwa kuwa hakuna chama kingine kilichofikisha masharti ya kutoa Makamu wa Kwanza, serikali ya umoja ikazimika kisheria bila mtu kuhitaji kuifuta. Pemba wakaanza tena kususiana maduka na maziko.

Mtu anaweza kusema Zanzibar ni kisa cha peke yake. Hapana. Nenda Ireland ya Kaskazini, mahali ambapo sidhani kama kuna mtu makini atakayekuambia watu wameridhiana. Mgogoro wa miaka thelathini uliua zaidi ya watu 3,500. Mkataba wa Ijumaa Kuu wa Aprili 10, 1998 uliidhinishwa kwa asilimia 71 ya kura. Zaidi ya robo ya karne baadaye, kuta zinazotenganisha mitaa ya Wakatoliki na Waprotestanti bado zimesimama Belfast, na watoto wengi bado wanasoma katika shule zilizogawanyika kwa asili hiyo. Serikali yao ya pamoja imeanguka mara kwa mara. Kati ya 2017 na 2020 walikaa miaka mitatu bila serikali, na kuanzia 2022 hadi 2024 wakakaa karibu miwili mingine. Kwa kipimo cha moyo, wamefeli.

Ila hawajarudi vitani. Sababu iko kwenye yale ambayo sisi tunayaita makaratasi. Polisi, chombo kilichochukiwa kuliko vyote na upande mmoja, kilivunjwa na kuundwa upya kwa jina jipya mwaka 2001, na kwa miaka kumi askari wapya walichukuliwa nusu kwa nusu. Silaha za IRA, kundi lililopigana dhidi ya utawala wa Uingereza, zilihakikiwa na tume ya watu wa nje hadi zilipothibitishwa kuharibiwa mwaka 2005. Wafungwa wa pande zote waliachiwa ndani ya miaka miwili, na familia za waliouawa zikalia kwa uchungu kuwaona wakitoka, hilo halikufichwa. Mwaka 2007 Ian Paisley, kiongozi wa Waprotestanti aliyetumia maisha yake yote kupiga kelele za hapana, alikaa meza moja na Martin McGuinness, kamanda wa zamani wa IRA, wakicheka mbele ya kamera. Picha hiyo ndiyo inayokumbukwa. Lakini ilikuja miaka tisa baada ya mkataba na miaka sita baada ya polisi kubadilishwa. Zanzibar ilianza na picha.

Kenya inafundisha vizuri zaidi kwa sababu imejaribu njia zote mbili ndani ya miaka kumi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kuua zaidi ya watu 1,100, Mwai Kibaki na Raila Odinga walisaini mkataba Februari 28, 2008 chini ya Kofi Annan. Wengi walikumbuka cheo cha waziri mkuu kilichoundwa siku ile. Mimi nakumbuka zaidi ile iliyoitwa ajenda namba nne: katiba, mahakama, ardhi, polisi, ukosefu wa usawa. Katiba mpya ilipatikana Agosti 2010, na Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu iliyoundwa na katiba hiyo ikafuta ushindi wa rais aliyekuwa madarakani. Linganisha na Jecha: huko nako uchaguzi ulifutwa, lakini na majaji, baada ya kusikiliza pande zote hadharani, dhidi ya mwenye dola. Sehemu ya maridhiano ya mkataba uleule, yaani Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ilikabidhi ripoti yake Mei 2013 na ripoti ikaenda kabatini. Ardhi zilizotajwa humo bado zina wenyewe walewale.

Kisha Machi 9, 2018 Uhuru Kenyatta na Raila wakapeana mkono kwenye ngazi za Jumba la Harambee. Ilikuwa 2009 ya Zanzibar tena: wawili, bila msuluhishi, nchi ikashusha pumzi. Ulipofika wakati wa kuandika makubaliano yenyewe, kilichotoka kikawa mpango wa kupanua safu ya vyeo vya juu, na mahakama, kuanzia Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Juu, zikaukatalia njia kati ya 2021 na 2022. Tunaosifia maridhiano ya wakubwa tungejiuliza kwa nini kila yanapoandikwa yanageuka kuwa orodha ya nafasi za kazi.

Mtu wa upande wa pili ana jibu zuri, na sitamkwepa. Atanipeleka Msumbiji. Mkataba wa Roma wa Oktoba 4, 1992 kati ya chama tawala cha Frelimo na waasi wa Renamo ulimaliza vita vilivyoua watu wanaokadiriwa kufika milioni moja. Ukafuatiwa na msamaha kwa wote na hakuna tume ya ukweli iliyoundwa. Vijijini, watu wenyewe waliwapokea wapiganaji kwa matambiko ya kuwatakasa, wakawarudisha kwenye mashamba na kwenye ndoa, bila kusubiri Maputo iwaambie. Kama kuna mahali maridhiano yalitoka chini, ni pale. Nakubali, na ninaviheshimu vijiji vile kuliko ninavyomheshimu mtiaji saini yeyote. Lakini mwaka 2013 Renamo ilirudi msituni. Sababu hazikutoka vijijini. Zilihusu nani anaendesha tume ya uchaguzi, nani anateuliwa jeshini na nani anagawana mapato. Maridhiano ya chini yalikuwa imara, muafaka wa juu ulikuwa na tundu, na walipita humo. Ilibidi wasaini tena 2014, kisha tena Agosti 2019.

Afrika Kusini nayo hutajwa haraka mno kama mfano wa maridhiano. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Askofu Mkuu Desmond Tutu ilisikiliza maelfu ya watu, na waombaji msamaha zaidi ya 7,000 walipita mbele yake. Waliopewa ni wachache. Lakini Tume ile ilianza kazi 1996, baada ya katiba ya mpito, uchaguzi wa 1994 na kuunganishwa kwa majeshi. Wahanga walitoa machozi wakiwa tayari na kura mikononi. Hata hivyo fidia ilikuja kuwa randi 30,000 kwa mara moja, chini ya ilivyopendekezwa, na kesi za walionyimwa msamaha zikafifia. Hao nao walijifunza kwamba sehemu ya mkataba inayohusu wahanga ndiyo ya kwanza kukosa bajeti.

Hilo ndilo linalonirudisha kwenye meza ya mazungumzo yenyewe. Anayekaa pale ni mwakilishi wa chama au kikundi. Ana uwezo wa kutoa vitu anavyomiliki: kususia au kutosusia, kutambua au kutotambua, bunduki, wizara. Hana uwezo wa kusamehe kwa niaba ya mama aliyempoteza mwanawe Januari 2001, maana msamaha huo si wake. Akiandika kwenye mkataba kwamba tumesameheana, ametoa mali ya mtu mwingine. Chama hakiridhiani na chama, vyama hukubaliana. Kuridhiana ni kwa watu, huchukua muda, na hakuna katibu mkuu anayeweza kukupangia tarehe. Anachoweza kufanya katibu mkuu ni kuhakikisha kwamba wakati watu wanajaribu, hakuna anayewafyatulia risasi, kuwafuta kwenye daftari au kufuta kura zao.

Pia tusijidanganye kwamba kuandika kila kitu kunatosha. Sudan Kusini iliandika kila kitu mwaka 2018: mahakama ya pamoja na Umoja wa Afrika, tume ya ukweli, mamlaka ya fidia, na makamu watano wa rais. Makamu hao watano waliapishwa mapema 2020. Mahakama haijawahi kuwepo. Kipindi cha mpito kiliongezwa, kikaongezwa tena, na Machi 2025 Riek Machar, mpinzani mkuu wa rais na wa kwanza kati ya makamu hao, akawekwa kizuizini nyumbani kwake. Mpangilio huu unajirudia kila mahali kiasi kwamba sioni tena kama ni bahati mbaya. Vyeo vina tarehe. Mengine yote yana kamati.

Zanzibar yenyewe imepata nafasi ya pili. Oktoba 2020 Dk. Hussein Mwinyi alitangazwa kupata asilimia 76, Maalim Seif, sasa akiwa ACT-Wazalendo, karibu 20, chama chake kikisema wafuasi wake wameuawa na kura zimeibwa. Desemba 8 Maalim akaapishwa tena kuwa Makamu wa Kwanza, akieleza kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya utulivu wa nchi. Wapo waliomlaumu kwa kuhalalisha kile alichokuwa amekilaani wiki chache kabla. Mimi namwona mtu aliyekuwa amebakiwa na karata moja tu, na hiyo karata aliipewa na kifungu cha 2010. Alifariki Februari 17, 2021, na Othman Masoud Othman akachukua nafasi yake. Kwa hiyo kifungu kimewashinda waasisi wake kwa umri. Karume hayupo madarakani, Maalim hayupo duniani, kiti kipo. Ndiyo maana nasema sehemu iliyodumu ya maridhiano ni ile ya karatasi.

Kiti hicho sasa kimekuwa tatizo la aina yake. Chama kinachotawala kinaweza kupata uchaguzi kinavyoutaka, kisha kikampa mshindwa ofisi, msafara na bendera, na dunia ikaita hayo umoja wa kitaifa. Mshindwa akikataa, ndiye adui wa amani. Akikubali, malalamiko yake yanageuka malalamiko ya mtu aliye serikalini. Kilichobuniwa mwaka 2010 kupunguza uchungu wa kushindwa kinaweza kutumika kumlipa mtu kwa kushindwishwa.

Yatakapokuja mazungumzo mengine, na Zanzibar hayakosi kuja, ningeanzia kifungu cha 119 cha Katiba ya Zanzibar: nani anamteua mwenyekiti wa Tume, nani anaweza kumwondoa, na kwamba tamko la kufuta uchaguzi lisitambulike bila kikao chenye akidi na bila mahakama. Ningefuatia na sheha na daftari. Kisha vikosi, vinaingia vituoni kwa amri ya nani. Ripoti ya mauaji ya 2001 ningeitaka isomwe barazani, jina kwa jina, familia zikiwa zimekaa mbele na wajumbe wa vyama nyuma. Vyeo ningeviweka vya mwisho kabisa, vizungumzwe siku ambayo mengine yote yameshapitishwa kuwa sheria. Najua CCM itauliza kwa nini ijipokonye refa ikiwa mechi inashinda, na ni swali la haki kisiasa. Jibu pekee ninaloliona ni lile lile lililomfanya Maalim akubali asilimia 49.1: chama kilichoshika dola nacho kiahidiwe, kwa maandishi yanayotekelezeka, kwamba siku kikishindwa hakitafanywa mgeni. Ahadi hiyo upinzani wa Zanzibar haujawahi kuiandika kwa kina, na CCM haijawahi kuombwa iseme ingetaka iandikweje.